Inanukia Kama Nini

Mama yangu hakuwa na uwezo wa kunusa chochote, na mimi niliishi naye nyumba moja, nikila chakula chake kila siku, mpaka nilipokaribia kumaliza sekondari ndipo nikajua. Sikuambiwa na daktari wala na ndugu. Nililijua hilo kwa sababu ya asidi iliyogusa mkono wa sweta yangu katika maabara ya kemia, kwenye shule moja ya Scarborough, mashariki mwa Toronto.

Nimeikumbuka asidi hiyo majuzi nilipofungua kopo la samli lililosahaulika nyuma ya kabati. Samli ilikuwa imechacha. Harufu ilipanda, nami nikajiona nimesimama tena kwenye korido ya jengo letu, ufunguo mkononi, nikiogopa kuingia nyumbani.

Korido ile ilikuwa na harufu kwa kila mlango. Ukitoka kwenye lifti ulianza na Watamil, na kwao jioni mbegu za haradali zilikuwa zikipasuka kwenye mafuta. Waliofuata walikuwa watu wa Jamaika, kuku na pilipili. Mbele yao aliishi mzee mmoja peke yake, na mlango wake ulinuka sigara na karatasi zilizolowa. Ningeweza kutembea nimefumba macho na bado nikajua nimefika wapi. Wetu ulikuwa mlango wa vitunguu.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili, mimi na mama. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wenzake walimsifu sana. Walisema hakuna shuka lililomfanya akunje uso, hakuna mgonjwa ambaye yeye alimkimbia. Mimi nilijivunia sifa hizo na kuziita subira.

Na alikuwa mpishi. Watanzania wa kanisani kwetu walipokuwa na harusi, msiba au kipaimara, sufuria kubwa la pilau lilikuwa la mama. Hakuna aliyekaa kikao akamteua. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana nani ataomba sala ndefu na nani atachelewa.

Nyumbani, kila alipopika, aliniita. Aliniita mama, kama wazazi wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Mama, njoo unuse."

Nilikuja mbio, nikapanda kwenye kigoda, nikainamia mvuke.

"Inanukia?"

"Inanukia."

"Kama nini?"

"Kama pilau."

"Pilau naijua mimi. Nakuuliza, inanukia kama nini?"

Kama watoto wengi waliokulia huku, nilielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mama alivumilia Kiingereza changu mezani, kwenye simu, hata kwenye sala. Kwenye harufu hakuvumilia. "Kwa Kiswahili," alisema. "Kiingereza hakiingii kwenye sufuria." Basi nikajifunza kutafuta maneno. Nilisema kitunguu kinanukia kama sukari iliyoanza kuungua ikajizuia. Nilisema karafuu inanukia kama kwa daktari wa meno. Nilisema wali uliokaribia kukauka unanukia kama shati lililotoka kupigwa pasi. Hiyo ya pasi ilimchekesha mama mpaka akaegemea jokofu, na tangu siku hiyo ikawa kipimo chetu.

"Pasi bado?"

"Bado, mama."

"Na sasa?"

"Tayari!"

Kwenye duka la samaki la plaza ya karibu aliniinamisha juu ya barafu. "Huyu je?" Maziwa yakikaa siku mbili tatu, nilikabidhiwa paketi. Kabla ya kwenda kanisani alininyooshea shingo nimwambie kama marashi yametosha au yamezidi. Makoti yetu ya baridi hayakukaa kabatini kama ya watu wengine. Alipopika aliyatundika nje barazani, kwenye theluji, ili yasishike harufu ya jikoni. Asubuhi nilivaa koti lililoganda kama ubao na kulalamika njia nzima mpaka kituo cha basi. Niliamini mama anakionea aibu chakula chetu mbele ya Wazungu. Kuhusu kuitwa jikoni, niliamini ananirithisha sufuria. Nilijiona mteule.

Kulikuwa pia na ule wimbo wa watu wazima. Mama Neema, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula kanisani na aliyeishi jengo la pili kutoka letu, alikuwa akija Jumamosi, akivua viatu mlangoni huku tayari anazungumza.

"Shoga, umeziona nyanya za huku? Zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nusa sasa! Maji matupu."

"Huku vitu havina harufu," mama alijibu.

"Hata nanasi!"

"Hata udongo, dada. Mvua inanyesha na udongo haunukii."

Shangazi, jirani au mgeni yeyote aliyekuwepo alitikisa kichwa kukubali. Nilisikia maneno hayo mara nyingi mno nikayachukua kuwa somo la jiografia. Nikiwa darasa la tatu nilimweleza mwalimu wangu kwamba Kanada ni nchi isiyo na harufu. Alifurahi sana. Alifikiri nasifu usafi.

Vifurushi vya viungo vilipofika kutoka Morogoro, vikitumwa na mama mdogo, mama alivifungua mbele ya wageni, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Aaah," alisema. "Nyumbani." Mama Neema alifuta machozi.

*

Mwalimu wetu wa kemia aliitwa Bwana Selva. Alikuwa mwembamba, koti lake jeupe lilikuwa na tundu la kuungua mfukoni, na alizungumza polepole kama mtu anayehesabu matone. Muhula wa kemia ya kaboni aliuanza kwa kutugawia mipira ya plastiki: myeusi yenye matundu manne, myekundu yenye matundu mawili, myeupe yenye tundu moja, pamoja na vijiti vya kuiunganisha.

"Mweusi ni kaboni," alisema. "Ana mikono minne, na hapendi hata mmoja ubaki mtupu. Akikosa wageni wa kutosha, anamshika jirani yake mara mbili."

"Shangazi yangu kwa harusi," alininong'oneza Wambui.

Wambui alikuwa mwenzangu wa meza. Alikuja kutoka Nairobi akiwa mkubwa kidogo, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea kwa miguu yake, na alikitumia darasani kusema yale ambayo hakutaka mwalimu asikie. Aliniita "Tanzania", kana kwamba nimeibeba nchi nzima kwenye begi.

Tulijenga methani, ethani, propani, butani. Tulijifunza kwamba mnyororo wa kaboni ni kama ukoo, lakini kile kilichopachikwa mwishoni mwake ndicho kinacholeta tabia: pachika oksijeni na haidrojeni unapata alkoholi, panga oksijeni mbili kwa namna fulani unapata asidi. Katika somo la gesi, Bwana Selva alisema jambo nililoliandika bila kulifikiria. Alisema gesi ya kupikia haina harufu hata kidogo. Ule uvundo unaokufanya ukimbilie dirisha huongezwa kwa makusudi, ili pua ikuonye kabla ya moto.

Kisha tukafika kwenye esta. Alkoholi na asidi zikiunganishwa, alisema, maji hutoka, na kinachobaki huitwa esta. Esta nyingi hunukia matunda. Peremende zote tulizokula utotoni zilikuwa esta.

"Kwa hivyo alkoholi inaoa asidi," Wambui alinong'ona, "na mahari ni maji. Hiyo ndoa haiwezi dumu."

Siku ya maabara tulikaa na neli zetu za kioo ndani ya bika la maji ya moto. Bwana Selva alizunguka akitudondoshea asidi kali ya kuharakisha mambo. Alituonya tusiweke pua juu ya neli. Ishike mbali, alisema, ipepee hewa kwa kiganja ikujie kidogo kidogo. Na akasema: "Andikeni mlichonusa. Msiandike mnachotarajia kunusa."

Neli ya kwanza, darasa zima liliandika ndizi. Mimi niliandika kwamba ni ndizi ya peremende, si ya mgomba, na kwamba nyuma yake kuna rangi ya kucha. Ya pili wenzangu waliandika dawa ya kuchua misuli. Niliandika dawa ya kuchua iliyopakwa na mtu mwingine chumba cha jirani. Bwana Selva alisimama juu ya karatasi yangu.

"Nani alikufundisha kunusa?"

"Mama yangu," nilisema, na niliona fahari.

Neli ya tatu ilikuwa ya nanasi, na nanasi lilianzia mahali pabaya. Chupa ya asidi yake aliiweka ndani ya kabati la kufyonza hewa na hakumruhusu mwanafunzi kuigusa. Ndiyo asidi iliyomo kwenye siagi iliyochacha, alieleza, na ndiyo inayoyafanya matapishi yanuke kama matapishi. Lakini ipe alkoholi ya kawaida, ipe joto, na itakuja nanasi. Darasa lilipiga kelele za kukataa. Tulipanga foleni, akitutilia tone mojamoja. Nilipopokea neli yangu niligeuka haraka mno, na mkono wa sweta ukagusa ncha ya kitoneshi alichokuwa akidondoshea.

Aliniosha kwa maji mengi na sabuni. Ngozi haikuwa na alama yoyote. Sweta ilisuguliwa kwa magadi, ikafungwa kwenye mfuko wa plastiki. Lakini uvundo ulikuwa umeshahamia kwenye nywele zangu, kwenye begi, na kwenye koti nililolivaa juu ya mikono yangu ileile.

"Manze, pole," Wambui alisema, akirudi nyuma hatua baada ya hatua. "Wewe ni rafiki yangu, na hiyo haibadiliki. Lakini leo unapanda basi solo."

Basi lilikuwa limejaa nilipopanda. Vituo vichache baadaye nilikuwa na kiti kizima, na kiti cha mbele, na cha nyuma. Madirisha yalifunguliwa ingawa nje kulikuwa na baridi. Mzee mmoja alinijia akiwa ameshika mfuko mtupu wa dukani, akanikabidhi, akaniambia kwa upole nisione haya, hata mjukuu wake hutapika akipanda basi. Nilimshukuru. Ningemweleza nini?

Kwenye lifti nilikuwa peke yangu, bahati. Kwenye korido mlango wa Watamil ulifunguka, mtu akachungulia, ukafungwa. Nilisimama mbele ya mlango wetu nikipanga maneno. Nilijua ningepigiwa kelele, ningepelekwa moja kwa moja bafuni, na pengine mama angepiga simu shuleni. Nilikuwa tayari hata kumchorea ile molekuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa." Alikuwa jikoni, bado na sare ya kazini. Alikuja akanikumbatia kama siku zote, shavu lake kwenye nywele zangu. Nikasubiri. Akaniachia. "Mikono ya baridi! Glavu ziko wapi? Na huu mfuko wa nini?"

"Sweta. Ilimwagikiwa kitu maabara."

Aliufungua mfuko. Uvundo ulitoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa, macho yangu yakajaa maji. Mama aliitoa sweta, akaipeleka usoni kama alivyozoea kufanya kwa nguo zangu zote, akazamisha pua yake palepale kwenye mkono, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Haina neno," alisema. "Inanukia sabuni ya shule. Kesho utaivaa."

Akageukia sufuria.

"Njoo unuse," akasema.

*

Ukweli mkubwa ukiingia nyumbani, vitu vidogo huanza kusogea mahali pake. Usiku ule nilikaa kitandani nikiviangalia vikisogea. Makoti barazani. Samaki. Maziwa. Shingo yenye marashi. Mashuka ya wazee ambayo hayakumkunjisha uso. Zile "aaah" mbele ya wageni. Nchi isiyo na harufu. Nilielewa kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumshuku: sentensi iliyokuwa kweli kwake ilikuwa wimbo wa wote. Wengine waliimba kwa kukumbuka nyumbani. Yeye alikuwa anatoa taarifa.

Bwana Selva alitufundisha kwamba jaribio moja halitoshi. Nililiacha tone la marashi kwenye mto wake, hakusema kitu. Niliacha mkate uungue nikiwa nimesimama kati yake na moshi. Akaendelea kukunja nguo. Lakini pilipili ilimtoa jasho, na dawa ya kuchua aliitambua tangu mlangoni. Niliuliza shuleni nikaambiwa vitu hivyo huuma pua kwa njia nyingine, kama mguso. Ndiyo maana alivipenda. Vilikuwa vitu pekee vilivyobaki kumgonga mlango.

Sikumwambia kwamba najua. Wakati huohuo ilikuwa inakaribia sendofu ya Neema, binti wa Mama Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na sufuria lilikuwa la mama kama kawaida. Nilijua kamati ile. Wangesikia kwamba mpishi wao hanusi, wasingemsema vibaya hata kidogo. Wangesema, "Pumzika, dada, umechoka, safari hii tupike sisi." Wangemwekea kiti kizuri ukumbini. Na mama angekaa kwenye kiti hicho maisha yake yote yaliyobaki, akitabasamu, huku watu wengine wakishika mwiko. Hapo kazini alikuwa mmoja wa wahudumu wengi, na mtaani alikuwa mmoja wa wahamiaji wengi. Mbele ya sufuria tu ndipo alipokuwa yeye.

Lakini jiko la kanisani, chini ya ukumbi, lilikuwa la gesi. Sasa niliikumbuka ile sentensi niliyoiandika bila kuifikiria: gesi ikivuja, uvundo wa kuonya usingemfikia mama. Niliamua nitakaa naye jikoni kuanzia kitunguu cha kwanza hadi sahani ya mwisho, niwe pua kwa makusudi.

Asubuhi ya sendofu niliamka na mafua.

Hayakuwa mafua ya kupenga yakaisha. Nilijaribu mvuke, nilijaribu maji ya chumvi, nilijipaka dawa mpaka kifuani. Nilinusa karafuu, nikanusa kitunguu kilichokatwa. Hakuna kitu. Dunia ilikuwa imefungwa kama kwa mlango. Kanisani nilifungua kila dirisha la jiko, na Mama Neema akauliza kama nataka kuwagandisha. Nikapiga magoti kuchungulia kila swichi ya jiko kama imefungwa sawasawa.

"Mwanao leo kawa fundi gesi," Mama Neema alisema, akitoka na sinia la vikombe. Tukabaki wawili.

Mama alikaanga vitunguu. Alitia nyama, akatia viungo, akatia mchele. Mikono yake haikusita popote. Muda ukafika, akafunua kifuniko, mvuke ukapanda hadi darini.

"Mama, njoo unuse."

Nikasogea. Nikainama. Alinitazama, kitambaa begani, mwiko mkononi, akisubiri. Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Kusema "tayari" ilikuwa rahisi, na kama ningekosea, ukumbi mzima ungejua. Kusema "bado" ilikuwa hivyohivyo.

"Pasi?" akauliza.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, "leo sina pua."

Mwiko ulibaki hewani. Aliangalia pua yangu nyekundu, kisha macho yangu, na nadhani pale ndipo alipoona ninachojua. Kwa juu viti vilikuwa vinaburutwa, mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti.

"Basi tuko wawili," mama alisema.

Akarudisha kifuniko. Akainamisha kichwa upande, sikio karibu na sufuria, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Akaniashiria na mimi nisikilize. Ndani kulikuwa na sauti ndogo ya maji, ikapungua, ikawa kama mchanga, ikanyamaza. Akapunguza moto. Akafunua, akachukua punje moja, akaivunja kati ya vidole.

"Pasi tayari," akasema mwenyewe.

Mama Neema alirudi akiwa amechangamka. "Weee! Inanukia mpaka kwenye maegesho! Wageni wanauliza wanaanza saa ngapi kula, hata bibi harusi hajaingia!"

Mama alimgeukia. "Inanukia kama nini, dada?"

"Kama nini?" Mama Neema alishangaa. "Kama pilau! Inukie kama nini tena?"

Mama alinitazama, akakunja mdomo kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Nilicheka mpaka nikakohoa.

*

Jioni tulirudi na basi, sufuria tupu limekaa katikati ya miguu yetu. Mama alikuwa amevua viatu vya sherehe. Ndipo nikauliza: kama unaweza kupika kwa masikio, kwa nini umeniita miaka yote hii?

Alitazama nje kwanza. Maduka ya plaza yalikuwa yanapita, taa zao zikiwa zimewashwa.

"Kupika najua," alisema. "Kitunguu chenyewe husema kimeiva. Lakini chakula cha watu wote kilikuwa kinanukia, changu tu ndicho kilikuwa kimya. Ukija wewe ukasema pasi, ukasema kwa daktari wa meno, nilikuwa naisikia." Akagusa paji la uso wake. "Hapa."

"Baba anajua?"

"Baba yako anajua barabara."

Sikuwahi kumwambia Mama Neema, na sufuria halikuhama. Niliomba jambo moja tu, aende kwa daktari, na akakubali kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayemtafsiria. Daktari wa pua alikuwa kijana mwenye subira. Aliangalia kwa taa, akapitisha vichupa vidogo chini ya pua ya mama, kimoja baada ya kingine. Mama alikaa wima kama anapigwa picha. Kimoja kilikuwa cha ndizi, nikakitambua kutoka kwenye kiti changu: ya peremende, si ya mgomba.

"Muulize ni tangu lini," daktari alisema.

Nikamuuliza.

"Mwambie tangu nilipoanguka kwenye barafu. Majira yetu ya baridi ya kwanza."

Niliikumbuka siku hiyo kidogo: kituo cha basi, mama chini, mboga zikiviringika barabarani. Nilikuwa nimeshaanza kuongea sentensi nzima. Daktari akaandika. Akasema kuanguka kwa namna hiyo kunaweza kuondoa harufu zote, na baada ya miaka mingi kiasi hicho haiwezekani kuahidi zitarudi. Mama alimshukuru, akavaa koti.

Wiki iliyofuata nilizungumza na mama mdogo kwa simu. Nilimgusia barafu.

"Barafu gani?" mama mdogo alisema. "Mbona hata hapa Morogoro aliunguza uji wako amekaa kando yake? Jirani ndiye aliyekuja kuuepua. Ni ile homa iliyompata wewe ukiwa tumboni. Alitoka hospitali anasema chakula chote ni karatasi."

Nilimpelekea daktari swali hilo. Alijibu kwamba homa inaweza, na kuanguka kunaweza, na kwa kutazama pua hawezi kusema ni kipi. Kwake ilikuwa tofauti ndogo. Kwangu haikuwa ndogo. Kama ni barafu, alininusa. Kama ni homa, hakunijua kamwe kwa njia hiyo, hata siku ile ya kwanza niliyowekwa kifuani kwake.

Nilimuuliza akiwa anaosha vyombo.

"Mama, nilipozaliwa, ulininusa utosini?"

"Swali gani hilo? Kila mama humnusa mtoto wake."

"Nilikuwa nanukia?"

"Ulikuwa unanukia."

"Kama nini?"

Mama alifunga bomba. Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, mgongo ukiwa kwangu. Angeweza kusema "kama mtoto", na mtu mwingine angeridhika. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hilo si jibu, na sote wawili tulilijua.

"Njoo uonje chumvi," akasema.

Nikaenda, nikaonja. Chumvi ilikuwa imetosha. Nimemuuliza tena mara kadhaa tangu wakati huo, na kila mara kuna kitu jikoni kinachohitaji kuonjwa.